Handaki la Musembi

Jeshi lilipoamua kuliita handaki kwa jina la Musembi, halikumuuliza mama yake. Lilimpigia simu tu: Alhamisi aje Kitui mjini, kuna sherehe, avae vizuri.

Katunge alikuwa amemaliza kupiga pasi gauni lake la kanisani wakati Kitonga alipofika kwa pikipiki kutoka Kambu. Huyu Kitonga ndiye aliyekuwa sajenti wa Musembi kule vitani. Siku hizi anaziba panchari kando ya barabara ya Mombasa, mwanamume wa mgongo mpana, sikio la kushoto limekufa kwa mizinga, na madereva wa malori wanaomkaripia kwa upande huo hawajui kwamba hasikii kitu.

"Mwaitu," alimwambia Katunge, akimwita mama kwa Kikamba hata kabla hajavua kofia, "usiende."

"Keti kwanza. Mtu mzima haingii kwa mtu na 'usiende' mdomoni. Chai hii hapa."

"Chai nitakunywa. Lakini usiende. Ama ukienda, nenda kukataa."

Katunge alilitundika gauni kwenye msumari, akakaa mbele yake. "Kukataa nini? Mtoto wangu amepewa jina kwenye kitabu cha jeshi. Nilipewa bendera iliyokunjwa na mkono wa pole, basi. Hili ndilo la kwanza nimepewa ambalo linamtaja. Sasa wewe, Sajenti wake, unakuja kunipokonya?"

Kitonga alitazama chai. Ni swali lililomstahili, kwa hiyo inafaa mambo yaelezwe hapa, maana kile kitabu kimeeleza nusu, na nusu ya ukweli ndicho chakula wakubwa wanachokipenda kuliko vyote.

Kuna kilima ng'ambo ya mpaka. Jina lake tuliache. Kikosi cha Kitonga kilipelekwa huko wakati wa kiangazi, kikaambiwa kishike kilima kisitoke. Kitabu cha ulinzi ambacho jeshi lilirithi kwa wakoloni kiliandikwa na watu wa nchi za baridi, ambako udongo ni laini kama siagi na mvua ni kero ya kila siku. Kitabu kilisema: chimba handaki hadi kifuani. Panga magunia ya mchanga mbele yako. Zungusha nyaya za miba. Sakafu iteremke, na mwisho wa handaki pawe na njia ya kutolea maji.

Magunia hayakuja. Nyaya hazikuja. Kila juma redio ilisema viko njiani. Udongo wa kilima kile ulikuwa kama sakafu ya saruji, sururu ikiupiga inarudi usoni, na maji ya kunywa yalikuja kwa lori lililopigwa risasi njiani mara kwa mara. Vijana waliochimba mchana walianguka kwa joto. Walipofanikiwa kutoboa, wakarundika udongo mbele kama kitabu kilivyosema, udongo ule mwekundu mpya ulionekana kutoka mbali kama kidonda, na adui akajua mahali pa kulenga. Waliumizwa wawili siku ya kwanza.

Ndipo Kitonga akakitupa kitabu. Zaidi ya nusu ya kikosi walikuwa watu wa Makueni na Kitui, na mtu wa huku hahitaji kufundishwa jinsi ya kuchimba mteremko. Tunachimba tangu zamani, na si kwa kupenda. Babu zetu walibebeshwa mizigo ya vita vya kwanza mpaka Tanganyika, wakafia kwenye matope. Watoto wao wakapelekwa Burma, waliorudi wakamkuta chifu wa mkoloni amesimama shambani na kiboko, akiwaamuru kuchimba makinga-maji. Wake zao walichimba huku wakilia. Ilichukua miaka mingi, baada ya mzungu kuondoka, wanawake kukaa katika mwethya, yaani kundi la kusaidiana kazi, na kuufanya mtaro ule kuwa wao. Wanauita fanya juu. Unachimba kukata mteremko, sawa kabisa, bila kupanda wala kushuka, na udongo unautupa upande wa juu. Kisha unaziba ncha zote mbili. Tone la mvua likiingia, limeingia. Halina pa kwenda isipokuwa chini, kwa mizizi ya mahindi.

Wakakichimba kilima kwa fanya juu. Walichimba jioni na asubuhi, mchana walilala chini ya maturubai. Badala ya nyaya walikata migunga wakaizungusha kama boma la mbuzi. Udongo wote ukatupwa juu, nyuma ya migongo yao. Mbele ya handaki hapakuwa na kitu, ardhi tupu tu, na kichwa cha askari kilipotokeza kilipotelea kwenye rangi ya ule ukuta wa udongo nyuma yake.

Adui alipokuja, aliuona ukuta akadhani watu wamejificha nyuma yake. Akaupiga ule ukuta kwa kila alichokuwa nacho. Watu walikuwa mbele yake, chini, wamekaa kimya. Musembi ndiye aliyeshika bunduki kubwa kwenye kona ya mashariki. Aliwangoja mpaka wakafika kwenye miiba, na siku hiyo kilima hakikupoteza mtu hata mmoja.

Hayo ndiyo yaliyo katika kitabu kipya cha jeshi, na ni kweli tupu.

Kamanda wa kilima alikuwa Kapteni Kyule, mtu wa upande wa Mwingi, msomi, si mbaya. Alifurahi hadi akamkumbatia Kitonga. Aliandika ripoti ndefu, akaitwa mjini kuieleza. Alikuwa huko, mbele ya ukuta wa picha na wakubwa wanaotikisa vichwa, mvua ilipofika kilimani.

Na hapa ndipo uchungu ulipo. Wingu lilipotanda, wale vijana wa Ukambani walifanya nini? Walishangilia! Walivua fulana. Walisimama na midomo wazi. Musembi alisema, "Sajenti, kama ingekuwa kwa mama, leo ndengu zinalala zimeshiba." Hakuna hata mmoja aliyewaza vinginevyo. Unamleaje mtu miaka ishirini akiomba mvua, akifunga kula kwa ajili ya mvua, kisha umwambie siku moja kwamba mvua ni adui? Mtu wa pwani angeona. Mtu wa milimani angeona. Kitonga, aliyezaliwa huku, aliyaona maji yakiingia handakini yakatulia humo, sawasawa kutoka ncha hadi ncha, na kitu cha kwanza alichohisi, Mungu amsamehe, kilikuwa fahari. Mtaro ulikuwa umepimwa vizuri.

Ilinyesha siku mbili. Maji yalifika kiunoni, kisha kifuani. Walijaribu kutoboa ncha lakini walikuwa wamezishindilia kwa mawe, kazi ya watu wanaojua kazi. Ikabidi watoke. Wakaenda mahali pekee palipobaki, wakalala nyuma ya ule ukuta wa udongo, pale pale adui alipozoea kupiga. Na ukuta ulikuwa umelowa, umelainika.

Musembi alikufa hapo. Na wengine.

Kitonga alimwambia Katunge haya yote juma lile lile la mazishi. Hakuficha kitu. Katunge, ambaye ndiye mwenyekiti wa mwethya ya wanawake wa pale na amechimba mitaro mingi kuliko mwanajeshi yeyote, aliuliza swali moja tu: "Mliziba ncha?"

"Tuliziba."

Akasema, "Hata mimi ningeziba." Halikuzungumzwa tena.

Sasa walikuwa wamekaa wawili hao, chai imepoa.

"Kanali amenitumia picha za kile kitabu kwa simu," Kitonga alisema. Kyule alikuwa amepanda cheo. "Ananiambia, Sajenti, tumekitupa kitabu cha mkoloni, sasa tuna chetu, na wewe umo. Nikafurahi, sikudanganyi. Nikakuza ile picha ya handaki nikaitazama. Limechorwa limezibwa ncha. Mwaitu, wamelichora kama ule mtaro wako pale nyuma ya nyumba. Ile sura ya kutoa maji iliyokuwa kwenye kitabu cha zamani wameifuta. Kambi zote za mpakani zitachimba hivyo."

"Ulimwambia?"

"Mara tatu. Mara ya kwanza alisema atafikiria. Mara ya pili alisema kuna pampu. Mara ya tatu simu ikashikwa na msichana, akasema Kanali yuko mkutanoni. Mimi ni mtu wa panchari, Mwaitu. Watanisikiliza kwa lipi? Lakini wewe ndiye mama wa hilo jina. Ukisimama mbele ya watu ukasema hulitaki mpaka wazibue ncha, itabidi wasimame. Hawawezi kukukatia simu ukiwa umesimama mbele yao."

Katunge alilitazama gauni msumarini. "Na Kaloki anaondoka lini?"

Hilo ndilo Kitonga alilokuwa akiogopa kulitaja. Kaloki ni kitinda mimba wa Katunge. Aliingia jeshini mwaka uliofuata kifo cha kaka yake, mama akilia, yeye akisema anaenda kuchukua nafasi. Kikosi chake kilikuwa kimeambiwa kijiandae kwa mpaka.

"Kabla ya mvua za Oktoba," Kitonga alisema.

"Basi nitaenda," Katunge alisema. "Na usinifuate. Ukikaa karibu watasema ni wewe umeniingizia maneno."

Alienda. Kulikuwa na hema jeupe, viti vyenye vitambaa, bendi, chupa ndogo za maji mbele ya kila mgeni. Kanali Kyule alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akamsalimia kwa Kikamba, akamkalisha mstari wa mbele. Alihutubia vizuri. Alisema kwamba jeshi lisilojifunza kutoka kwa ardhi yake litazikwa na ardhi hiyo. Alisema kwa mara ya kwanza hekima ya wanawake wa Ukambani imeingia katika sayansi ya ulinzi. Watu wakapiga makofi. Kisha akamwita mama Musembi apokee kitabu cha kwanza.

Katunge alipanda jukwaani, hakunyoosha mkono.

"Nashukuru," alisema. "Lakini afande, handaki hili lina makosa. Hizi ncha zimezibwa. Mkiziba, maji yatajaa. Mvua ikija watoto watatoka nje wauawe, kama wa kwangu. Zibueni. Ama mwondoe jina la mtoto wangu, mliite jina lenu."

Kulikuwa na kicheko cha upole kutoka nyuma, kile kicheko ambacho watu huwapa wazee wanaposema jambo la kijijini mbele ya kipaza sauti.

Kanali hakucheka. Hilo lisemwe, tusije tukamwonea mtu. Uso wake ulibadilika, na kwa nukta moja alionekana kama kijana wa Mwingi aliyewahi kushika jembe. Alimsogelea akaongea chini, kipaza sauti akikifunika kwa kiganja.

"Mama, nimekusikia. Hilo tumeliona. Kila kambi itapewa pampu ya maji."

"Pampu."

"Imeandikwa, ukurasa wa mbele tu hapo. Mvua ikinyesha, pampu inatoa."

"Na magunia yenu yalikuwa yameandikwa ukurasa gani?"

Kanali alifumba macho. Anajua, alikuwepo. Handaki lile lilizaliwa kwa sababu vitu vilivyoandikwa havikuja, na leo linalindwa kwa kitu kingine kilichoandikwa. Hivi ndivyo wakubwa wanavyojifunza vita. Wanachukua kile ambacho askari mnyonge alibuni kwa kukosa, wanakivalisha tai, halafu wanasahau kwamba alikuwa amekosa.

"Mama, vitabu vimeshachapishwa. Tutarekebisha toleo lijalo. Nakuahidi."

"Toleo lijalo ni lini?"

"Mwakani. Labda mwaka unaofuata."

"Basi toa jina leo."

"Jina hilo, mama," Kanali alisema, na sauti yake ilikuwa na huzuni ya kweli, "si lako peke yako sasa. Ni la jeshi."

Akaondoa kiganja. Bendi ikapiga. Mpiga picha akawaomba wasogeleane, na katika picha hiyo, ambayo wengi wameiona, Katunge anaonekana amekishika kitabu kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake.

Alipotoka hemani alitafuta kivuli cha ukuta akampigia Kaloki.

"Mama!" kijana alipokea kwa furaha. "Nimeona picha! Hapa kambini wote wananiita Handaki. 'Handaki, lete chumvi. Handaki, zima taa.' Hata mpishi ananiongezea nyama!"

"Kaloki, nisikize."

"Nasikiza."

"Mkifika huko mkiambiwa mchimbe, ncha usizibe. Acha njia ya maji. Hata ndogo, ya mkono tu."

Kulikuwa na kelele za wanaume nyuma yake, mtu anaimba. "Mama, hiyo ni amri. Imechorwa. Kuna mkaguzi anakuja kupima."

"Akishaondoka, toboa."

"Halafu niseme nini? Kila mtu anajua ni la kaka yangu. Mimi ndiye niwe wa kwanza kulitoboa? Nitakuwa nimesema Musembi alikufa kwa ujinga."

"Sema."

"Mama."

"Nasema sema! Mimi ndiye mama yake. Nakuruhusu. Sema alikufa kwa ujinga wetu sote, wangu na wa Kitonga na wa hao wenye nyota mabegani. Lakini wewe toboa."

Kaloki akaongea taratibu, kama anavyoongea mtu mzima na mtoto, na hilo ndilo lililomwumiza Katunge kuliko maneno yenyewe. "Wewe ndiye ulitufundisha kuziba, Mama. Ulitupiga fimbo mimi na Musembi tulipoacha ncha wazi, udongo ukaenda. Unakumbuka? Sasa usijali. Kuna pampu, tumeambiwa. Nikifika nitakupigia."

Waliondoka katikati ya juma. Alipiga simu mara moja, kutoka mahali ambapo sauti ilikatika-katika, akasema kilima ni kizuri, wanaona mbali, wanachimba. Aliulizwa kuhusu pampu. Akasema iko njiani.

Oktoba ilianza na joto la kuumiza macho. Watu walikuwa wamepanda ndengu na mtama kwenye udongo mkavu, kama tunavyofanya, wakingoja. Jumapili ya pili mchungaji Ndolo alitangaza ibada ya kuombea mvua. Watu walifunga, wakajaa kanisani mpaka mlangoni. Nje upande wa mashariki, kwa mara ya kwanza tangu Mei, kulikuwa na weusi mwembamba angani, na kila aliyeingia aligeuka kuutazama akatabasamu.

Kila mwaka anayeongoza maombi hayo kwa upande wa akina mama ni mwenyekiti wa mwethya. Mchungaji Ndolo alimwita Katunge mbele bila kufikiri mara mbili. Kitonga alikuwa amekaa karibu na mlango, amegeuza sikio lake zima kuelekea madhabahu.

Katunge alipiga magoti. "Baba," alianza, na kanisa zima likaitikia.

"Wewe unaijua shida yetu. Umetuona mwaka baada ya mwaka tukikulilia." Amina. "Umetuona tukichimba tukishika kila tone ulilotupa." Amina. "Tumekuomba maji miaka yote, na leo wamekuja tena kukuomba."

Akasita. Mikono yake ilikuwa juu ya mapaja, mikono ya jembe, imefunguka.

"Baba, mimi leo naomba usilete."

Hakuna aliyeitikia. Mtoto mchanga alilia akanyamazishwa.

"Lile wingu liko pale nje, nimeliona. Linatoka bahari ile ile, linakwenda huku na linakwenda kule. Kama unaweza kulikata, likate. Tunyeshee sisi, kule upite. Lakini mimi sijui kama mawingu hukatwa. Kama hayakatwi, Baba, tunyime wote. Utunyime. Tutakula tulichozoea kula, ambacho si kitu. Huku tukikosa tutakonda. Kule wakipata watakufa."

Manung'uniko yalianza nyuma, sauti za wanawake waliokuwa wamezika mbegu yao ya mwisho ardhini. Mtu mmoja alisema kwa sauti, "Aiya, anatulaani!" Mchungaji Ndolo alishuka haraka akamwinamia, akamgusa bega.

"Mama Musembi," alimnong'oneza, "inatosha. Inuka, mama Musembi."

"Leo niite mama Kaloki," Katunge alisema, bila kufumbua macho.

Kitonga pale mlangoni alisimama. Alikuwa na shamba lake la ndengu, alilopanda juma lile, na watoto watatu nyumbani wa kulisha. Alifungua mdomo aseme amina, ili mwanamke yule asiwe peke yake mbele za Mungu na mbele za watu wale wote. Neno halikutoka. Aliendelea kusimama hivyo mdomo wazi, huku upepo wa mvua ukiingia mlangoni ukimpiga mgongoni, na Katunge pale mbele akiomba kwa sauti iliyozidi kupanda.